Kontena gani hili linalopitisha kila kitu cha mashine ya nje?

Wakuu, leo nimekereka kwelikweli.

Kila siku tunaambiwa: funga programu yako kwenye kontena, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji, popote utakapoipeleka itafanya kazi vilevile. Kwa Docker, programu maarufu ya kuendesha kontena, sawa: vigeu vya mazingira vya mashine mwenyeji (mipangilio yenye majina ambayo programu huisoma) haviingii ndani mpaka uvipitishe mwenyewe. Njoo kwenye Apptainer, programu nyingine ya kontena, ile inayotumika sana kwenye klasta za utafiti (kompyuta nyingi zilizounganishwa). Humo karibu kila kigeu ulichonacho kwenye shell kinaingia ndani bila hodi.

Klasta ninayotumia ina moduli ya Python ambayo ukiipakia tu, inaweka PYTHONPATH, kigeu kinachoiambia Python itafute maktaba kwenye folda zipi. Kontena langu lina Python 3.11 na NumPy yake, maktaba ya hesabu. Kuliwasha, limekufa kwenye `import numpy`, linalia kwamba sehemu za C zimeshindwa kupakiwa. Nachapisha `sys.path`, orodha ya folda ambazo Python inatafutia maktaba, nakuta njia ya mashine mwenyeji imetangulia mbele ya site-packages za kontena, folda ya maktaba zake. Python ya ndani inavuta maktaba zilizokompailiwa kwa Python ya nje! Na afadhali lilikufa. Maktaba ikiwa ni Python tupu inapakiwa kimyakimya, toleo si lako, na majibu yake unayapeleka kwenye ripoti.

Nawaandikia wasimamizi, jibu lao: "Tumia --cleanenv," yaani chaguo la kuzuia vigeu vya nje visiingie. Basi, wamemaliza. Hawasemi kwamba hiyo inafuta pia CUDA_VISIBLE_DEVICES iliyowekwa na Slurm, programu inayogawa kazi kwenye klasta, kwa hiyo programu haijui tena imepewa GPU ipi. SLURM_CPUS_PER_TASK, idadi ya CPU ulizopewa, nayo inapotea. Wala hawasemi kwamba folda yako ya nyumbani bado inaunganishwa ndani, na vifurushi ulivyowahi kusakinisha kwa `pip install --user` vinatangulia vya kontena, mradi namba ya toleo la Python ifanane.

Kinachofanya kazi ni hiki. Mstari wa kwanza unarudisha kigeu cha GPU ndani; kwenye wa pili, --nv inaruhusu GPU za NVIDIA na PYTHONNOUSERSITE=1 inazuia vifurushi vya folda ya nyumbani:

`export APPTAINERENV_CUDA_VISIBLE_DEVICES=$CUDA_VISIBLE_DEVICES`
`apptainer exec --nv --cleanenv --env PYTHONNOUSERSITE=1 kazi.sif python kazi.py`

Mistari miwili! Kwa nini haimo kwenye mwongozo wa klasta? Mwanafunzi anayeanza atajuaje, wakati kontena alipewa na mwenzake akaambiwa lina kila kitu?

Wasimamizi mnaosoma hapa, toeni PYTHONPATH kwenye hizo moduli. Na ninyi mnaosambaza faili za .sif, yaani kontena zenyewe za Apptainer, andikeni wazi kwamba ziendeshwe na --cleanenv, pamoja na vigeu ambavyo lazima virudishwe ndani.