Maumivu nyuma ya kisigino, nipumzike ama niendelee na mpira?

mwana_langoni: Assalam alaikum wadau. Mguu wangu wa kulia huku nyuma, juu kidogo ya kisigino, ule mshipa mnene umevimba, ukiushika kama una fundo. Alfajiri nikiamka kwenda msikitini zile hatua za kwanza nashuka ngazi nimeshika ukuta kama mzee, nikitembeatembea unaachia, jioni tukicheza mpira ufukweni Shela hata sisikii kitu ila kesho yake wallahi naipata. Niliacha mpira mwezi mzima ikapoa kabisa, kurudi tu ikaanza upya. Ami yangu ananikanda na mafuta ya nazi, mwengine aniambia nikachomwe sindano papo hapo panapouma iishe. Nifanyeje?

pweza_mkavu: pole ndugu, acha mpira uje kwenye karata 😂

fizio_malindi: Waalaikum salaam. Yaonekana ni kano ya Akilesi hiyo, ile inayoshikanisha misuli ya tafu na mfupa wa kisigino. Ukipumzika tu maumivu yananyamaza lakini kano yenyewe inazidi kuwa dhaifu, ndio maana uliporudi ikakushika tena. Inataka kazi, ila kazi ya kipimo. Kukandwa si vibaya, kunatuliza, ila hakuipi kano nguvu (ami asinune). Sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) hapo usiikimbilie, inaweza kuifanya kano ikatike.

Kwanza nambie, panauma pale pale kwenye mfupa ama juu yake?

mwana_langoni: juu, kama vidole viwili vitatu hivi

fizio_malindi: Basi sawa. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mbele ya unyayo, jiinue kwa miguu yote miwili, hamishia uzito mguu mbovu halafu kishushe kisigino polepole mpaka kipite chini ya ngazi. Mara 15, raundi 3 goti limenyooka, kisha raundi 3 zingine goti limekunjwa kidogo manake chini ya ule msuli wa juu wa tafu kuna mwengine na huo hushika kazi zaidi goti likikunjwa. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ikiuma kidogo endelea, ikiuma sana punguza, na ukiona haiumi tena vaa begi mgongoni utie uzito. Aliyeieneza hii ni daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, mwaka 1998. Yeye mwenyewe alikuwa na maumivu hayo hayo na yasemwa aliomba apasuliwe akakataliwa, akaanza kuibebesha kano kazi nzito makusudi ikatike, badala yake ikapona!

Kama ingekuwa pale kwenye mfupa ningekwambia ufanyie sakafuni, usishushe kisigino chini ya usawa.

bint_shela: Na mchanga je? Hawa vijana wanacheza pekupeku kule juu kwenye mchanga laini, kisigino kinazama kila hatua

fizio_malindi: Umesema kweli dada. Mchanga laini unaiongezea tafu kazi. Kwa sasa ngojeni maji yapwe mcheze pale maji yalipotoka, penye mchanga mbichi mgumu, na zile mbio za kushtukia punguza.

nahodha_zamani: Mimi yangu ilikatika kabisa, nilisikia kama mtu kanipiga teke nyuma, nikageuka kumgombeza hakuna mtu

fizio_malindi: Ndivyo inavyokuwa mzee wangu, wengi husema hivyo hivyo. Ikitokea mtu alale kifudifudi miguu ining'inie nje ya kitanda umminye tafu, unyayo usipocheza ni hospitali siku hiyo hiyo, si ya kukandwa hiyo. Na wewe kijana, umemeza sipro (ciprofloxacin) karibuni? Ile antibiotiki wanayopewa watu wa taifodi na maambukizi ya mkojo. Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru kano.

mwana_langoni: Eeh nilipewa mwezi uliopita!! na ngazi za kwetu ni za mawe, zimelika zinateleza

fizio_malindi: Basi usianze mazoezi bado, mwambie daktari aliyekuandikia kwanza. Akikuruhusu, vaa raba ushike ukuta, na usianze na begi.