MREJESHO: Cheti cha kuzaliwa cha mama kimetoka, daftari la parokia limetuokoa

Wakuu, niliuliza namna ya kumpatia mama cheti cha kuzaliwa. Amepita miaka 60, hana kadi ya kliniki wala cheti cha shule, na zahanati ya misheni alikozaliwa ilishafungwa. Ahsante kwa aliyesema "anzieni kanisani".

Katibu wa parokia alitoa daftari la ubatizo la enzi za mapadre wazungu, limeandikwa kwa Kilatini. Mama yumo! Tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi wote wawili, hadi msimamizi wake wa ubatizo, ambaye mama mwenyewe alishamsahau. Tukaandikiwa cheti kipya cha ubatizo chenye muhuri. Hatukudaiwa chochote, tulitoa sadaka kwa hiari.

Kazi ilikuwa kwa afisa mtendaji wa eneo letu, tulikofuata barua ya utambulisho. Leo muhuri haupo, kesho yuko kikaoni, kisha ikaja "hela ya kalamu". Mdogo wangu akamwomba risiti kwa upole tu, na barua ikapatikana palepale. Muhuri nao sijui ulitokea wapi.

Dirisha la RITA (wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo), kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, hawakusumbua. Walikagua viambatisho, tukalipa kwa namba ya malipo, tukasubiri.

Wenye watoto chini ya miaka 5 msingoje: mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 unawapa cheti bure, kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya.

Sasa tunahamia NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Jina la ubatizo ni Yohana, kadi ya kura inasema Joanina. Aliyepitia hili anijuze.