Altezza RS200 usukani unatetemeka nikishuka Tukuyu, nachonga diski au nanunua mpya?

Kijana_wa_Uyole
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, ile ya gia 6 za mkono, injini iko vizuri sana na gari naipenda mno, shida ni breki za mbele. Hapa mjini Mwanjelwa, Mafiati huko kwenye foleni wala sioni tatizo, ila nikishaipita Isongole nikaanza kushuka kwenda Tukuyu, nikikanyaga breki kwenye spidi 80 hivi usukani unacheza mikononi na pedali inadunda chini ya mguu. Fundi mmoja kasema pedi zimeisha, diski tuzipeleke zikachongwe, yaani zikwanguliwe uso uwe sawa, tufunge pedi mpya basi. Mwingine anasema diski ya kuchonga haikai, ninunue mpya. Nataka nifanye mwenyewe nyumbani, jeki na stendi ninazo, spana ninazo. Nianzie wapi na ni kitu gani watu huwa wanakiruka? Mwisho wa mwezi naenda Kyela na familia, sitaki kubahatisha.

Fundi_Nzovwe
Mdogo wangu kabla hujanunua chochote toa tairi upime unene wa diski. Kwenye diski yenyewe, pale katikati au ukingoni, wameandika MIN TH na namba, hiyo ndio milimita ya mwisho inayoruhusiwa. Kama ukichonga itashuka chini ya hapo, usichonge, nunua mpya tena zote mbili za mbele kwa pamoja, kulia na kushoto. Diski nyembamba haina mahali pa kuweka moto na wewe unashuka milima kila siku. Nyuma sio lazima ubadili kisa umebadili mbele, pima, kama pedi bado nene na diski haina mikwaruzo acha zifanye kazi.

Sasa kinachorukwa na mafundi wengi ni habu, kile chuma ambacho diski inakalia. Wanatoa diski ya zamani, wanapachika mpya juu ya kutu, wanafunga tairi, gari inaenda. Wiki chache mbele mtetemo unarudi mteja analalamika kauziwa diski feki, kumbe diski haikuwa na shida. Diski ikikalia kutu haikai sawa, inayumba kidogo sana kila ikizunguka, jicho halioni, inakuwa inaigusa pedi sehemu moja hata hujakanyaga breki, taratibu pale panaliwa kuliko pengine na unene unakuwa haulingani. Hapo ndipo usukani unaanza kucheza. Kwa hiyo chukua brashi ya waya na msasa, safisha uso wa habu mpaka uone chuma kitupu, kuzunguka zile stadi za kufungia tairi pia. Hata kama utafunga pedi za bei gani hili usiliruke.

Diski ikigoma kutoka usiipige nyundo ovyo, Toyota wameweka matundu mawili yenye nyuzi, tafuta bolti mbili za M8 kaza kidogo huku kidogo huku itasukumwa yenyewe. Kaliperi, ile inayoshika pedi, usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, ifunge na waya kwenye springi. Halafu chomoa zile pini za kaliperi, zisafishe, paka grisi ya breki yenyewe sio grisi ya beringi maana ile inavimbisha raba, pini ikikwama pedi ya ndani inaisha ya nje bado nzima. Pistoni irudishe polepole kwa klampu huku unaangalia kopo la mafuta ya breki lisimwagike, ile kitu inakula rangi. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa brek klina kabla pedi haijaigusa. Nati za tairi kaza kwa msalaba, kama una toki renchi, spana ya kupimia mkazo, weka Nm 103, zikikazwa bila mpangilio nazo zinaweza kuipinda diski.

Dereva_Kitonga
Kamwene wakuu. Mimi niko Iringa huku. Fundi kamaliza, naongeza la barabarani. Ukishafunga usiende Tukuyu siku hiyo hiyo. Kwanza piga pedali mpaka iwe ngumu gari ikiwa imesimama, pedali ya kwanza itaenda mpaka chini. Kisha tafuta barabara iliyonyooka haina watu, kimbia 60 punguza taratibu mpaka 10, usisimame kabisa, ongeza tena, rudia kama mara kumi hivi, halafu endesha bila kukanyaga breki zipoe. Ukisimama zikiwa za moto na mguu uko kwenye pedali, pedi inaacha alama pale pale na mtetemo unaanza upya. Na mlimani shuka kwa gia ndogo, gia ya 6 imewekwa kwa tambarare. Mlima Kitonga ninapita na lori miaka yote, wanaounguza breki ni wale wanaoshuka na gia kubwa wamekanyaga mfululizo.

Mama_Mafinga
Siku utakayogusa nyuma kumbuka hendbreki ya Altezza ni shuu ndogo (viatu vya breki) ndani ya diski. Shusha hendbreki, toa kile kiraba kwenye tundu la diski, legeza gurudumu la meno linalotanua shuu kwa bisibisi, la sivyo utavuta diski mpaka jioni.

Kijana_wa_Uyole
Ndaga fijo wakubwa zangu. Nimepima leo, upande wa kushoto imeshashuka chini ya ile namba, kwa hiyo ni mpya zote mbili. Naagiza Dar zije na basi. Swali la mwisho, mafuta ya breki nibadili au niongeze tu? Yaliyomo yamekuwa meusi.

Fundi_Nzovwe
Badili yote. Hayo mafuta yanavuta unyevu wa hewani, DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ikishalowa inaweza kushuka mpaka 155, na yakichemka pedali inazama. Weka DOT 4, DOT 5 usiiguse kabisa ile ni silikoni. Toa upepo ukianzia tairi ya nyuma iliyo mbali na pampu, mwenzio akanyage, usiruhusu kopo likauke. Duka la diski litakutaka namba ya chasisi, ya kwako inaanza na SXE10, usikubali diski ya GXE10, Altezza ya injini nyingine, mpaka uilinganishe na ya zamani mkononi.