Mjadala: Visima vya Mombasa, titani na jua, au klorini ibaki?

Hoja: kuna wanaotaka visima vya Majengo, Mji wa Kale na Kisauni visafishwe kwa titani dioksidi (unga mweupe ambao ni kichocheo ukipigwa na mwanga) na jua, klorini iachwe.

Mkemia, Tudor: Naunga mkono. Wanakemia wa Japani, Fujishima na Honda, walionyesha nguvu ya kichocheo hiki tangu 1972. Fuwele za anatase (umbo mojawapo la titani dioksidi) za nanomita 20 na kitu, zikipigwa na mwanga wa urujuanimno, wa chini ya nanomita 387, hutoa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vikali sana, zinazovunja rangi, viuadudu na mabaki ya dawa. Baadhi ya hizo klorini haiziwezi. Na jua ni la bure.

Fundi visima, Kisauni: Bure, lakini mwanga huo ni kama asilimia 4 au 5 tu ya jua lote. Halafu visima vyetu vimo ndani ya mawe ya matumbawe: bikaboneti tele, na karibu na bahari kloridi tele. Hizo humeza radikali kabla hazijaufikia uchafu. Naitreti ya vyoo vya shimo nayo haiondoki, wala chumvi. Na huo unga, gramu 1 kwa lita, utauchuja na nini? Leso haiushiki, mchanga hauushiki.

Mkemia, Tudor: Bwana fundi, unga haumwagwi, unabandikwa. Gramu 5 kwa mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, asidi ya naitriki hadi pH (kipimo cha asidi) 3 ili chembe zisukumane zisishikane. Paka kioo kilichokwaruzwa, kausha, choma nyuzi 450 za Selsiasi kwa saa moja. Usikaribie 600: anatase huanza kugeuka rutile, umbo jingine la titani dioksidi. Kisha osha hadi maji yasitoke meupe.

Mwenye kisima, Majengo: Si tutumie ile rutile iliyokuwa ikichimbwa Kwale na kupakiwa Likoni?

Mkemia, Tudor: Ule ni mchanga wa madini, chembe kubwa mno. Mpaka upite kiwandani.

Fundi visima, Kisauni: Kioo kikishika ukoko wa chokaa, mwanga haupiti tena, utakisugua kwa siki mpaka uchoke. Na radikali hufa papo hapo. Klorini ikibaki miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, inalinda hadi kwenye jerikeni.

Maabara, Nyali: Jambo jingine: watu huweka bluu ya methileni, rangi ya kujaribia, ikipauka wanashangilia. Acheni gizani dakika 30 kwanza, maana rangi hujinatia tu kwenye unga. Kisha pimeni kaboni ogania, yaani kaboni iliyobaki kwenye molekuli za uchafu. Rangi huisha, vipande vya molekuli vikabaki. Mimi titani ningeipeleka kwenye maji taka ya viwanda vya nguo, baada ya kutuamisha. Kisimani, klorini.

Fundi visima, Kisauni: Dada, rangi za pamba nazo hutiwa kwa chumvi nyingi. Kloridi ni ile ile.

Mkemia, Tudor: Tia asidi, bikaboneti itoke kama kaboni dioksidi.

Maabara, Nyali: Itatoka. Lakini chini ya pH 6 hivi titani huwa na chaji chanya, na hapo ndipo huivuta kloridi zaidi.