Mwandaaji wa drafti mtandaoni kanijibu kwa STIKA YA MBUZI. Wakuu, mbuzi!

Kizibo cha Soda
Wakuu, poleni na majukumu. Salamu ndefu sina, mikono inatetemeka, chai nimeimwaga, mama watoto ameniuliza nani kafa.

Yule mwandaaji mnamjua. Jina sitaji na wala halihitajiki. Kama umewahi kutuma ada ya drafti kwa simu, basi ilifika kwake. Yule wa "wapendwa wanadrafti". Yule wa ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu na nusu anatafuna.

Jana usiku kaandaa mashindano. Watu 38, ada elfu tatu, raundi saba za mfumo wa Uswisi, dakika tano kila mtu na nyongeza ya sekunde tatu kila ukisogeza. Kwenye tangazo kaandika KIBRAZILI, yaani drafti kwa sheria za Brazili. Tangazo ninalo. Nimelipiga picha. Nikifa mnizike nalo.

Raundi tano nimeshinda tano. Simu imepata moto mpaka naiegemeza kwenye mtungi wa maji ipoe. Raundi ya sita niko kileleni peke yangu, nikamtegea jamaa mtego ambao marehemu babu angefufuka autazame halafu arudi. Namuuzia kete mbili. Anakula ya kwanza, anagusa mstari wangu wa mwisho, analazimika kurudi kinyumenyume kula ya pili, anaishia katikati ya ubao akiwa bado kete, hana cheo, hana ndugu. Maana Kibrazili ndivyo kilivyo: kete ikiupitia mstari wa mwisho huku bado inakula, haipewi ukingi, mpaka iishie palepale. Halafu mimi naifagia na wenzake wawili, naingia kingi, naenda kulala.

Kete ikagusa mstari. Ikavikwa taji HAPO HAPO. Ikala ile ya pili kutoka mbali, ikakata kona, ikala ya tatu, ikakata kona, ikala ya nne, kama bodaboda aliyeona trafiki. Mimi nimeshika simu nasema "we! we! we!" kama nafukuza kuku kwenye mpunga.

Kumbe kaweka drafti ya Kirusi, ambayo kete ikigusa mstari tu ni kingi na inaendelea kula.

Nikaenda kwenye kundi, kwa adabu kabisa (sawa, herufi kubwa, lakini adabu): mkuu, tangazo linasema Kibrazili, mchezo umewekwa Kirusi, tunafanyaje? Wote wanaona. Juu pale inaonyesha anaandika... anaandika... kaacha... anaandika. Nikajua leo napewa maelezo ya kurasa mbili.

Ikaja stika ya mbuzi.

Mbuzi kavaa miwani, anatafuna jani. Neno hata moja hakuna. Kisha akafunga kundi, wanaoandika ni wasimamizi tu. Yaani neno la mwisho kwenye kesi yangu kasema mbuzi.

Na wiki iliyopita mpwa wake alikatikiwa umeme akiwa anafungwa, mchezo ukarudiwa! Mpwa karudiwa, mimi mbuzi. Nina miaka 46, nina watoto wanne, kwenye vikao vya harusi mimi ndiye mweka hazina. Mbuzi. Raundi ya saba sikucheza. Ningechezaje na mbuzi ananitazama?

Nawasilisha.

Nusu Kete
Nimewahi kiti cha mbele. Uzi wa mbuzi bila picha ya mbuzi ni porojo.

Refa Mstaafu
Mtoa mada, swali dogo tu. Aina ya mchezo inaandikwa juu ya ubao, kila raundi. Halafu Kibrazili unalazimika kula njia yenye kete nyingi, Kirusi unachagua njia uitakayo. Raundi tano zote hukuona watu wanachagua?

Kizibo cha Soda
Kioo cha simu yangu kimepasuka hapo hapo juu kushoto, ufa umepita kwenye maandishi. Nilikuwa naona "...rusi" nikajua mpinzani anaitwa Idarusi.

Tandika Moja
Raundi tano unacheza na Idarusi???

Nusu Kete
Wapinzani watano, wote Idarusi. Ukoo mzima umelipa ada. Mkuu umeniua, niko kwenye daladala nacheka peke yangu, konda anadhani nimekwepa nauli.

Kizibo cha Soda
Chekeni. Siku mtakayotumiwa mbuzi mtanikumbuka.

Mhasibu wa Kijiwe
Tumwache mbuzi kwanza. 38 mara 3,000 ni 114,000. Zawadi wa kwanza 50,000, wa pili 20,000. Kwenye mtandao wenyewe kuunda mashindano ni bure, unajaza jina, raundi, muda, unabofya. Sasa 44,000 imelala wapi?

Tandika Moja
Imenunua miwani ya mbuzi.

Kizibo cha Soda
Mhasibu, hesabu zako nzuri lakini wewe hukuaibishwa mbele ya watu 37. Yule mbuzi ALIKUWA ANATAFUNA. Kama angekuwa amesimama tu ningevumilia.

Jembe la Kahama
Ila Uswisi wanahusikaje na drafti yetu? Mbona mtoano wa kawaida hamtaki? Ukifungwa unaenda kwenu.

Refa Mstaafu
Mfumo ulitumika Zürich mwaka 1895 kwenye chesi, jina likabaki. Hakuna anayetolewa. Kila raundi unapangiwa mwenye pointi sawa au karibu na zako, na mliokwisha kukutana hamrudiani. Watu 38 kwa mtoano, nusu wanalala baada ya dakika kumi, halafu wanaanza kudai ada yao. Watu wakiwa witiri mmoja anapewa pointi ya bure. Mtoa mada alipozira, walibaki 37, kwa hiyo kuna mtu kapewa pointi bila jasho kwa sababu yake.

Witiri
Mimi ndiye niliyepewa. Asante sana, mkuu Kizibo. Nilikuwa wa mwisho, nikawa wa tatu kutoka mwisho.

Kizibo cha Soda
Kumbe nimetoa na sadaka.

Refa Mstaafu
Na bado umeshika nafasi ya nne, kwa Buchholz.

Kizibo cha Soda
Buchholz ndiye nani tena? Alilipa ada?

Refa Mstaafu
Mnapolingana pointi, zinajumlishwa pointi za watu wote uliocheza nao. Aliyecheza na wagumu anakaa juu. Akina Idarusi wako walifanya vizuri.

Mswahili wa Muscat
Mie langu ni saa. Tangazo "saa 3 usiku". Saa tatu ya wapi? Huku Oman tuko mbele yenu saa moja. Nikamaliza kula, nikaoga, nikakaa saa tatu yangu, ubao mtupu. Nikakaa saa nzima natazama ubao mtupu kama mchawi. Walipoanza nishasinzia, nikapoteza raundi ya kwanza kwa muda. Akaniandikia "wahi siku nyingine". Niwahi! Mie niliyetangulia watu wote!

Katanga
Wewe una bahati. Mi niko Lubumbashi, saa yetu iko nyuma. Nikaingia saa tatu ya huku nikakuta raundi ya nne. Nikauliza, akasema "tangazo lilikuwa wazi".

Nairobi Usiku
Mimi nikasoma "3" tu, nikaseti alamu ya saa tisa usiku. Nikaamka, nikapika chai, nikawasha simu. Mashindano yameisha, kundi limefungwa, ujumbe wa mwisho ni mbuzi. Nikajua ni yangu hiyo.

Kizibo cha Soda
Hapana mkuu, ile ni yangu. Tafadhali usinichanganyie ushahidi.

Farasi wa Mbeya
Nyie wa drafti mnadeka. Njooni kwenye chesi muone mashindano ya arena. Hakuna raundi, saa moja unusu mfululizo, ukimaliza mchezo unapewa mwingine hapo hapo. Kushinda pointi mbili, sare moja, ukishinda mara mbili mfululizo unashika moto, ushindi unaofuata unahesabiwa mara mbili. Kuna watoto wanabofya kitufe muda wao unakatwa nusu kwa hiari ili wakishinda wapate pointi ya ziada. Juzi mtoto kajikata muda, kanifunga, halafu kaandika "asante babu". Nina miaka 31.

Tandika Moja
Mbeya baridi inazeesha.

Nusu Kete
Mimi nahisi Idarusi wa raundi ya sita alikuwa na programu pembeni. Kula nne kwa mpigo? Binadamu gani?

Refa Mstaafu
Kula nne ilikuwa lazima, kingi akiwa na cha kula hana hiari ya kusimama. Hata kuku angekula nne. Za programu ni kweli zipo. Mwaka 2007 watu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti ya Kiingereza ikichezwa bila kosa mwisho wake ni sare. Ila ile kingi chake kinatembea hatua moja moja. Hiki chetu cha kuruka ubao mzima ni habari nyingine.

Tandika Moja
Kijiweni kwetu hakuna Kirusi wala Kibrazili. Kete ni vizibo, kingi unakigeuza kizibo tumbo juu, ukibisha sana ubao unapigwa teke na kesi imeisha.

Kizibo cha Soda
Na kijiweni mtu akikuudhi unamwona uso! Huyu amejificha nyuma ya mbuzi. Nimeituma kwa shemeji yangu aniambie maana yake, kasema "labda anamaanisha pole". Pole na miwani?

Mzee wa Namua
Vijana, miye niko Unguja. Mmenikumbusha bao la kwenye simu. Bao lina kete 64, unaanza na 22 mkononi unanamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja, utamu wote ni kuhesabu kichwani kete zitaishia shimo gani. Sasa mjukuu kaniwekea programu, nikigusa shimo tu inanionyesha zitakapofika. Miaka sitini nimejifunza hesabu hii, simu inanionyesha bure. Nimeizima. Halafu huyo mwandaaji wenu aliwahi kutaka kuandaa bao, akauliza kundini "namua ndiyo nini". Nikatoka.

Dada Shupaza
Mie wa Mombasa, nami nina langu na yuyo huyo. Aliandaa karata. Nimebakisha karata moja, nikaandika kwa gumzo NIKO KADI, kila mtu ameona. Nikamaliza na saba ya kopa, safi. Akasema haihesabiki, ati ningebofya kitufe. Kitufe kiko chini kabisa, kidogo kama punje ya mtama! Akaniokotesha.

Jembe la Kahama
Niko kadi ndiyo nini? Huku tunasema lasti kadi.

Nairobi Usiku
Lasti kadi ni ya watoto. Huku nane na malkia ni swali, ukitupa lazima ujijibu mwenyewe kwa karata nyingine. Na huwezi kumaliza na swali.

Tandika Moja
Karata inauliza swali? Wakenya mnapenda kesi.

Dada Shupaza
Malkia ndiye mzungu wa pili, bwana. Kopa, uru, pau, shupaza. Semeni Kiswahili.

Jembe la Kahama
Tuambizane la maana: ukitupiwa mbili, na wewe una mbili, unarusha mbele mwenzako aokote nne, ndiyo au siyo?

Nairobi Usiku
Siyo. Unaiziba kwa ree, ama unaokota.

Kizibo cha Soda
Nairobi usipotoshe watu. Mbili juu ya mbili inaongezeka, wa mbele anaokota nne. Nimecheza karata tangu darasa la tatu, hiyo haina mjadala.

Dada Shupaza
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu mtoa mada amesema kweli.

Nairobi Usiku
Nne? Kwa sheria ya nani? Na joka, yaani jokeri, je, nayo mnarundika? Mtu aokote kumi?

Kizibo cha Soda
Aokote kumi. Aokote mpaka karata ziishe. Alale nazo.

Katanga
Njo vile. Anaokota zote.

Witiri
Wakuu samahani, kuna tangazo limeingia sasa hivi. Yule yule kafungua kundi la karata, Ijumaa, ada elfu mbili, na kasema mbili juu ya mbili inaruhusiwa.

Kizibo cha Soda
Weka kiungo hapa. Wanaanza saa ngapi?

Witiri
Kaandika saa 3.

Mswahili wa Muscat
Tatu ipi?