Mashine ya kufulia ya miaka sita inanguruma ikikamua: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Mkazi_wa_Kira

Bassebo ne bannyabo (mabwana na mabibi), naomba ushauri wa wanaozijua mashine hizi kwa ndani. Ni ya mlango wa mbele, kilo 7, ya mkanda, ina miaka sita na hufua mara nne kwa wiki. Mwezi mmoja sasa, ikifika kwenye kukamua inanguruma kama lori linalopanda mlima, na nyuma yake, chini ya tangi linalozunguka ngoma, kuna mchirizi wa maji ya rangi ya kutu. Fundi aliyeitwa amesema beringi (gololi zinazobeba ekseli ya ngoma) zimekufa, tena tangi ni la kuchomelewa, halifunguki, kwa hiyo ninunue nyingine.

Je, miaka sita ndiyo umri wa mashine za siku hizi? Na kama ni kununua, ipi itadumu: ya mlango wa mbele, ya kufungulia juu, au ile ya matangi mawili, moja la kufua na jingine la kukamua? Maji yangu yanatoka kwenye tangi lililo juu ya stendi ya mita tatu, na umeme wa mtaani hupanda na kushuka, hasa jioni.

Fundi_Beringi

Usihesabu miaka, hesabu mafuo. Mara nne kwa wiki kwa miaka sita ni kama mafuo 1,250. Mashine ya nyumbani ya bei ya kati hutegemewa kufika miaka kumi hivi, kwa hiyo yako imeanza kuugua mapema, ila haijafa bado. Wapo watengenezaji wachache, kama Miele wa Ujerumani, wanaopima mashine zao kwa matumizi yanayolingana na miaka 20, na bei yao ni ya kazi hiyo.

Kabla ya kukubali kwamba ni beringi, pima mwenyewe. Chomoa plagi, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa ngoma kwa ndani, usukume juu na chini. Tangi zima likicheza pamoja na ngoma, hizo ni springi na shokapu zinafanya kazi yake, hakuna neno. Ngoma ikicheza peke yake huku tangi limetulia, na mwanya kati ya ngoma na mpira wa mlango ukapanuka na kufinyika, beringi zimekwisha. Kisha izungushe polepole kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga kutoka nyuma, huna haja ya kipimo kingine.

Huo mchirizi wa kutu unakuonyesha ugonjwa ulikoanzia. Kati ya maji na beringi kuna sili ya mpira tu. Sili ikichakaa, maji ya sabuni yanapenya, yanaosha grisi, chuma kinashika kutu, gololi zinaanza kula njia yake. Ndiyo maana kubadili beringi bila kubadili sili ni kazi bure, utarudi palepale kabla ya mwaka kuisha.

Kuhusu tangi: kuchomelewa hakumaanishi halifunguki. Nusu mbili za plastiki zimeunganishwa kwa joto, na fundi mwenye subira hukata kwenye ule ule mshono kwa msumeno mwembamba. Siri iko kabla ya kukata: toboa kwanza matundu ya skrubu kuzunguka ukingo wote, kila baada ya sentimita tano au sita, ili nusu hizo zirudi mahali pake bila kupishana hata kidogo. Wakati wa kufunga, weka silikoni isiyopitisha maji kwenye mshono, kaza skrubu kwa zamu pande zinazotazamana, uache saa 24 kabla ya kuingiza maji. Mwenye haraka hapo atafua sakafu.

Namba za beringi zimeandikwa pembeni mwake. Mara nyingi ni mbili zisizolingana, kwa mfano 6205 (milimita 25 × 52 × 15) na 6206 (30 × 62 × 16). Ni saizi za kawaida, maduka ya beringi ya Kisekka, Kampala, hayakosi. Si lazima zitoke kwa muuza mashine. Chukua zenye alama ya 2RS, yaani zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Sili ndiyo ngumu kupatikana, kwa hiyo itafute kabla hujakata chochote.

Ila kuna jambo moja likionekana ndani, funga mjadala ununue nyingine. Ngoma imeshikwa kwa nyuma na chuma cha alumini chenye mikono mitatu. Kikiwa kimeliwa, kina unga mweupe na mashimo, au mkono mmoja una ufa, usiweke beringi mpya humo. Siku kitakapokatika kwenye kasi ya kukamua, ngoma itapasua tangi. Angalia pia sehemu ya ekseli ambapo sili inakaa: ikiwa na mfereji unaoshika ukucha, sili mpya itavuja.

Bomba_na_Waya

Nakubaliana na Fundi, lakini ukinunua mpya ukaifunga mahali palepale bila kurekebisha maji na umeme, utaandika swali hili tena.

Maji kwanza. Kila mita moja ya kimo hutoa shinikizo la baa 0.1. Stendi ya mita tatu, ukitoa kimo cha mdomo wa mashine na kuongeza kina cha maji ndani ya tangi, inakupa baa 0.3 tu au pungufu. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka angalau baa 0.5, soma kibandiko au kitabu chake. Shinikizo likipungua, mashine hujaza maji kwa muda mrefu, kisha hukata tamaa na kuonyesha kosa la maji (IE kwa LG, 4E au 4C kwa Samsung), na watu hudhani bodi (saketi inayoongoza mashine) imeharibika. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, au kuunganisha mashine moja kwa moja na bomba la mtaa kama shinikizo lake linatosha. Halafu fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, utoe kijichujio kilicho kwenye mdomo wa vali, ukisugue kwa mswaki wa zamani. Tangi lisilosafishwa hushusha matope yote hapo.

Umeme sasa. Mashine yenye hita ya wati 2,000 kwenye volti 240 huvuta zaidi ya ampea 8. Kile kifaa cha kulinda friji watu wanachokitumia kwa kila kitu mara nyingi ni cha ampea 5. Hakifai hapa, kitaunguza soketi yake. Nunua kinga ya ampea 13 au zaidi, yenye kukata umeme ukiwa juu mno au chini mno na kuchelewesha kabla ya kuurudisha. Kuchelewesha huko ndiko kunakookoa bodi, kwa sababu pigo baya huja pale umeme unaporudi. Stabilaiza ya VA 1,000 haiwezi kubeba hita hiyo.

Ukisikia radi, chomoa plagi. Uganda yetu ni miongoni mwa zenye radi nyingi duniani, na hakuna kifaa cha ukutani kinachozuia radi ya karibu. Na mwite fundi apime waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la juu halijaunganishwa na chochote.

Dobi_wa_Jinja

Mnamwelekeza kwenye mlango wa mbele tu, kana kwamba ile ya matangi mawili ni ya maskini. Kwa maji ya kukatikakatika, hiyo ndiyo mashine. Unaijaza hata kwa jerikeni, haina bodi wala vali ya kungoja shinikizo. Vinavyokufa ni vichache na kila fundi anavijua: kapasita ya mota, saa ya kuzungusha, breki ya kikamulio, na sili iliyo chini ya kikamulio, ambayo ikichoka utaona maji yakidondoka juu ya mota. Hiyo usiisubiri hata wiki moja.

Kasoro yake niseme wazi: unasimama nayo. Unahamisha nguo kwa mkono, na tangi lake ni la plastiki, usimimine maji yanayochemka.

Kwa anayebaki na mlango wa mbele, adui mkubwa ni sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono. Imetengenezwa itoe povu. Povu likijaa, mashine haiwezi kupima maji vizuri wala kukamua kwa kasi, na mabaki yake yanaganda nyuma ya ngoma, yanakula ile alumini aliyoitaja Fundi. Tumia iliyoandikwa ya mashine ya otomatiki, vijiko vikubwa viwili kwa kilo 7 za nguo zisizo chafu sana. Povu likionekana kwenye kioo wakati wa suuza ya mwisho, punguza. Mara moja kwa mwezi endesha nyuzi 60 au zaidi bila nguo.

Na usishindilie. Ukiweka kiganja kimesimama kati ya nguo na paa la ngoma, kipite.

Mkazi_wa_Kira

Nimepima. Ngoma inacheza peke yake, karibu nusu sentimita, na ina sauti ya mchanga. Nitamwambia fundi aangalie alumini kabla hatujaamua. Ikiwa imeliwa, dukani niulize nini?

Fundi_Beringi

Nusu sentimita ni nyingi. Acha kuitumia leo, usimalizie hata fuo moja.

Dukani usianze na rangi wala idadi ya programu. Uliza kama beringi huuzwa peke yake au lazima ununue tangi zima, na kama tangi limefungwa kwa skrubu. Uliza bei ya pampu ya kutolea maji, ya mpira wa mlango na ya bodi, kwa namba ya modeli hiyo. Akishindwa kukutajia hata moja, spea hana. Tangu tarehe 1 Machi 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wawe na spea za mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa huko, kwa hiyo modeli inayouzwa pia Ulaya ina nafasi nzuri zaidi ya kupata spea, hata kama itabidi kuagiza. Usidanganyike na kibandiko cha "miaka 10". Kisome: karibu kila mara ni cha mota peke yake, na mota si kitu kinachokufa kwanza. Bodi na beringi mara nyingi zina mwaka mmoja au miwili.

Ukitazama mtumba, ya Ulaya au Uingereza itakubali umeme wetu. Ya Marekani ya volti 120 na hezi 60, iache. Fanya kipimo cha ngoma hapohapo dukani, na uulize ilisafirishwa na boliti zake za safari au bila. Mashine iliyosafirishwa ikirukaruka kwenye kontena bila boliti huwa na shokapu zilizochoka tayari.

Na ukileta mpya nyumbani, boliti hizo, tatu au nne nyuma yake, zitoe kabla ya fuo la kwanza, la sivyo itatembea chumba kizima ikikamua. Zitie kwenye mfuko, uzibandike kwa utepe wa gundi mgongoni mwa mashine. Utazihitaji siku utakapohama.