Nimenunua kamera nipige maisha ya mtaani, mtaa wenyewe umenikataa. Ushauri wakuu

Mtu wa Stoo
Wakuu habari za saizi. Mi sio mpiga picha, natunza stoo ya vifaa vya umeme Kariakoo, Jumatatu mpaka Jumamosi mchana, ila tangu zamani napenda picha, na sio za harusi wala kipaimara, napenda maisha tu, fundi baiskeli, watoto wanacheza rede, konda ananing'inia mlangoni. Mwezi wa nne nikajipigapiga nikapata Canon 1300D ya mkononi kwa mtu na lenzi yake ile ya 18-55, laki nne na nusu, betri moja na chaja yenye waya uliozungushiwa solotepu.

Shida ziko mbili. Kwanza picha zangu zinatoka kama za kitambulisho, kwa macho naona kitu kizuri kabisa, nikifungua kwenye kompyuta nakuta anga jeupe pee na watu wote sura zimezama gizani.

Ya pili ndo imenikatisha tamaa. Jumapili nilipita kwa mama mmoja hapa Tandika anakaanga vitumbua, moshi unapanda kwenye upenyo wa mabati na jua la asubuhi linaukata katikati, anageuza kwa spoku ya baiskeli tap tap tap bila hata kuangalia. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu akainua uso. Akaweka spoku chini. "We kaka, unanipiga picha ukaniuze wapi?" Foleni nzima ikageuka! Nikajifanya nimepigiwa simu, nikasepa, hata kitumbua kimoja sikununua. Tangu siku ile kamera iko kabatini imeviringishwa kwenye khanga ya wife, na yeye kila akifungua kabati ananiangalia tu hasemi kitu.

Nikasome kozi? Au nitafute lenzi ya kuvuta nipigie mbali wasinione? Nawasilisha.

Mzee wa Hasara
Uza hiyo kamera nunua friza uuze barafu. Joto la Dar halikatai kupigwa picha.

Chumvi ya Pwani
Kwanza toa hicho kitu kabatini leo leo, unyevu wa huku kwetu lenzi inaota ukungu ndani na fundi wa kuusafisha atakulia hela mpaka ujute. Tafuta dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Lenzi ya kuvuta sikushauri. Mtu amejibanza kona na bomba refu ndo wanamuita mpelelezi, na picha zenyewe zinakua bapa, unaona kabisa mpigaji alikua mbali na aliowapiga. Hiyo 18-55 inatosha mwaka mzima. Mi nilivyoanza niliweka ringi ya kuvuta kwenye 24 nikaibana na solotepu mwezi mzima, ukitaka kitu kikubwa sogea kwa miguu. Ukija kupata hela watu watakwambia lenzi ya 50mm, ila kwenye bodi hiyo ya kwako inabana inaona eneo dogo kama la 80, kwenye vichochoro vya Tandika utakua unarudi nyuma mpaka uingie mtaroni. Ile nyembamba ya 24mm f/2.8 ndo ya mtaani.

Sura kuzama ni hivi, kamera inapima wastani wa mwanga wote inaouona, ukimuweka mtu mbele ya anga jeupe au ukuta mweupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sisi rangi zetu hizi tunapotelea hukohuko. Nyuma pale kuna kitufe cha Av+/-, kishikilie uzungushe gurudumu mpaka +1, picha iongezeke mwanga. Au sogea hatua mbili tu nyuma yake kuwe na kivuli badala ya anga. Kidude cha juu weka Tv, hapo kasi ya kupiga unachagua wewe, weka 1/250 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, iache oto. Anayetembea ataganda vizuri, konda anayening'inia panda 1/500 na zaidi.

Na saa! Dar saa sita jua liko utosini, macho ya watu yanakua mashimo. Toka saa moja mpaka saa tatu asubuhi, halafu kuanzia saa kumi na nusu jioni. Mchana ingia barazani au kwa fundi cherehani, mkalishe mtu karibu na mlango. Kozi achana nayo, Youtube ipo bure.

Bi Tausi wa Unguja
Mwanangu, huyo mama usimuone mkali. Mama yangu mzazi alikuwa akiuza pweza, siku moja akajiona kwenye kadi ya posta dukani Shangani, yeye na pweza wake, na kadi ile bei yake kuliko kipande cha pweza alichokishika mkononi. Hakuulizwa, hakupewa hata moja. Mpaka anaingia kaburini akiona kamera anavuta mtandio. Basi "ukaniuze wapi" ni suali la haki, lina jawabu lake, na wewe ulikimbia.

Ukija huku pita Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, ya kina Oza tangu 1930. Tazama zile picha za zamani za studio, watu wameoga, wamevaa, wanaitazama kamera wakijua wanapigwa. Anza na hapo. Safisha zile tatu, mpelekee.

Konda Mstaafu
Mi napingana kidogo na Bi Tausi kwa heshima zote, ukiomba ruhusa mtaani umekwisha, kila mtu anasimama wima kama yuko mstarini na vidole viwili juu. Maisha yanakua yameshakimbia.

Chumvi ya Pwani
Waache wapozi mkuu. Piga hizo za vidole, waonyeshe, wacheke, halafu kaa hapohapo kunywa chai. Ukifika kikombe cha pili wameshakusahau, hapo ndo unaanza kazi.

Abiria wa Pantoni
Nyongeza, ukifika Feri angalia lenzi unaielekeza wapi, Ikulu iko palepale. Sokoni samaki piga lakini ongea na watu kwanza. Na picha ya mtu usije ukaitia kwenye tangazo bila ridhaa yake, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mtu wa Stoo
Wakuu mrejesho, samahani nilipotea wiki mbili.

Nilisafisha zile tatu Kariakoo, buku jero moja. Jumapili nikaenda mapema kamera iko kwenye begi, nikapanga foleni kama mtu, nikanunua vitumbua vya buku, zamu yangu ilivyofika nikampa bahasha nikamwambia mama hizi ndo nilizokupiga siku ile, sijauza popote. Akafuta mikono kwenye khanga, akazishika kwenye kingo kama anashika sahani ya moto. Ya kwanza kapita, ya pili kapita. Ya tatu ile aliyoinua uso kaiangalia mpaka vitumbua vikaanza kunuka kuungua. Nikajua leo natukanwa. Akasema, "Mbona jiko umelikata mguu?"

Na kweli nimelikata. Wiki zote mbili naiangalia ile picha sikuwahi kuliona.

Akachomeka zote ndani ya mfuniko wa ndoo ya unga, akaniambia wiki ijayo mwanae atakua na sare mpya nije nimpige naye, jiko lote lionekane. Nikatoa kamera nikaendelea kupiga mpaka saa tatu, hakuna aliyegeuka, +1 imefanya kazi, sura zinaonekana hadi jasho.

Sasa shida mpya. Muuza mihogo wa pembeni anataka yake, bodaboda wanne wanataka ya pamoja, na kuna babu kaniita anataka ya passport. Kila mmoja buku jero yangu. Nawakataaje?

Mzee wa Hasara
Si nilisema friza.